KITI KIMEKWISHA KALIWA, MWATUITIA NINI?

Ndugu Wanachama,

Kila mwanzo wa muhula twaona karatasi zimebandikwa kwenye lango la shule, na siku hizi tangazo lapita hata katika simu: "Anatakiwa msaidizi wa maktaba." Vijana wetu wanaandika barua, wanatoa kopi za vyeti, wanapanda matatu kwa fedha za kukopa, wanakaa juu ya benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Wanaingia mmoja mmoja. Wanaulizwa maneno matatu manne. Wanaambiwa, "Nenda, tutakupigia simu." Simu haipigwi. Wiki ya pili wanasikia kwamba mpwa wa fulani alikuwa ameshika ufunguo wa maktaba tangu kabla tangazo halijabandikwa.

Twauliza waajiri wa shule, na twataka jibu bila kuzungusha maneno: kama kiti kimekwisha kaliwa, mwatuitia nini? Kumwita mtu ambaye hamna nia ya kumsikiliza ni kula nauli yake, kula siku yake, na kumvunjia heshima mbele ya watu wake. Hayo si mahojiano. Huo ni mchezo wa kuigiza, na kiingilio chalipwa na maskini.

Wako watakaosema, "Chama kizima chapoteza karatasi na wino kwa ajili ya kazi ya mtu mmoja katika chumba kimoja?" Ndiyo. Mlango huu mmoja watuonyesha jinsi milango yote ya shule inavyofunguliwa: ya jikoni, ya getini, ya ofisini na ya maabara. Anayeingia kwa mgongo wa mkubwa atatawaliwa na mkubwa huyo. Hataweza kudai mshahara wake, wala kujiunga na chama bila kutazama nyuma. Basi neno la mahojiano si la wasio na kazi peke yao. Ni neno la kila mfanyakazi.

NANI ANAYEAJIRI?

Mwalimu wa shule ya serikali huajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu, iliyoanzishwa mwaka 1967. Sisi wengine, wapishi, walinzi, makarani, wasaidizi wa maabara na wa maktaba, huajiriwa na Bodi ya Usimamizi ya kila shule, kwa nguvu ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Maana yake ni hii: mwalimu ana mwajiri mmoja wa nchi nzima, mwenye kanuni moja. Sisi tuna waajiri maelfu, kila mmoja na mazoea yake.

Mwalimu mkuu ndiye katibu wa Bodi. Kwa hiyo mara nyingi anayeandika tangazo, anayechagua wa kuitwa, anayeuliza maswali na anayeandika matokeo ni mtu yule yule. Hatusemi kwamba kila mwalimu mkuu ni mdhalimu. Wako wanaofanya kazi hii kwa haki, nasi twawaheshimu. Lakini haki isiyo na kanuni wala shahidi ni bahati tu, na mfanyakazi hawezi kulisha watoto wake kwa bahati.

KAZI YENYEWE NI GANI?

Twasikia wakubwa wakisema, "Hii ni kazi ndogo, kukaa na kulinda vitabu. Yeyote aweza." Haya, na tuitazame hiyo kazi ndogo.

Tangu mwaka 2018 serikali imekuwa ikinunua vitabu vya masomo na kuvipeleka moja kwa moja katika shule. Vitabu hufika kwa lori. Nani anavihesabu, anavipiga muhuri, anavitia nambari na kuviandika katika daftari: tarehe ya kufika, jina la mwandishi, jina la kitabu, mchapaji, mwaka, bei, na kilikotoka? Nani anajua kitabu nambari fulani kiko kwa mtoto gani? Mwisho wa muhula, wakati wanafunzi wanakimbilia mabasi, nani anasimama mlangoni kuvipokea? Nani anakagua rafu kwa ajili ya mchwa, na ukuta kwa ajili ya unyevu wa mvua?

Tena kuna mpango wa rafu. Maktaba nyingi za shule zafuata mpango wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876. Elimu yote imegawanywa mafungu kumi, toka 000 mpaka 999. Sayansi iko katika 500, fasihi katika 800, historia na jiografia katika 900. Aliyejifunza atajua kwamba kitabu chenye nambari 574.12 hutangulia kile cha 574.2. Asiyejifunza ataona kumi na mbili ni kubwa kuliko mbili, atavigeuza. Kitabu kikiwekwa mahali pasipo pake kimepotea, hata kama kimo ndani ya chumba. Mtoto atakitafuta, hatakiona, ataambiwa hakipo. Ataondoka, na huenda asirudi tena.

Kwa ujuzi huu watu wanakwenda shule. Chuo cha maktaba cha Afrika Mashariki kilifunguliwa Makerere mwaka 1963, na Chuo Kikuu cha Moi kikaanza kitivo cha sayansi za habari mwaka 1988. Leo vyuo vingi vya kati nchini vyatoa vyeti na stashahada za kazi hii. Wazazi wameuza ng'ombe na mashamba ili watoto wapate vyeti hivyo. Ndivyo mnavyowaambia wazazi hao, kwamba yeyote aweza?

MASWALI YA UPUUZI

Baada ya kuitazama kazi, sasa tazameni maswali yanayoulizwa. "Wewe ni mtoto wa nani?" "Nani alikutuma hapa?" "Unasali kanisa gani?" Kwa binti zetu: "Umeolewa? Una mimba? Utazaa lini?" Kwa mwenye ulemavu hakuna swali lolote; wanamtazama mguu, wanatazamana wenyewe, wanafunga faili.

Ni swali gani katika hayo linaloonyesha kama mtu aweza kupanga rafu? Hakuna. Yote yanatafuta jambo moja tu: je, mtu huyu ni wetu?

Basi wajue hili. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, hairuhusu mwajiri kumbagua mfanyakazi, wala mtu anayeomba kazi, kwa sababu ya rangi, jinsia, lugha, dini, siasa, kabila, ulemavu, mimba au hali ya virusi vya ukimwi. Tusisahau neno hilo, "anayeomba kazi." Sheria haingoji mpaka uandikwe. Inakulinda ungali juu ya benchi. Tena shauri likifika kortini, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Mwajiri aliyeuliza juu ya mimba, na hana karatasi ya alama, atathibitisha kwa nini?

Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 232, yasema kwamba ushindani wa haki na ustahili uwe msingi wa kuajiri katika utumishi wa umma. Fedha za shule ya umma ni fedha za umma. Si mfuko wa ukoo wa mtu.

Na juu ya bahasha tutasema wazi. Twajua msemo kwamba mkono mtupu haulambwi. Msemo huo ndio unaowafukarisha watu wetu. Sheria ya Hongo ya 2016 humtia hatiani anayepokea na anayetoa. Kijana anayekopa ili anunue kazi ya mshahara mdogo atafanya kazi miezi mingi akilipa deni, na siku akigombana na aliyempa kazi hatakuwa na mdomo wa kusema. Amenunua kamba ya kufungiwa.

"NJOO MWEZI MMOJA TUKUONE"

Hii ni hila ya pili. Mtu anaambiwa amefaulu, lakini kwanza aje "tumwone." Anapanga vitabu vyote vya mwaka, anapiga mihuri, anaandika madaftari. Mwezi ukiisha anaambiwa hakuna fedha. Analetwa mwingine "aonwe." Vitabu vimepangwa bure.

Sheria yatambua muda wa majaribio. Yasema usizidi miezi 6, na ukiongezwa uongezwe kwa kukubaliana na mfanyakazi, nyongeza isizidi miezi mingine 6. Lakini majaribio ni kazi, na kazi hulipwa. Hakuna mahali popote paliposema kwamba mtu aonwe bila mshahara.

Hila ya tatu ni ya ukibarua. Wako wenzetu waliokaa katika maktaba mwaka mmoja, miwili, wakilipwa kwa siku. Wamefundisha watoto kutafuta vitabu, wamefanya kila kitu. Siku Bodi inapoamua kutoa nafasi ya kudumu, yule aliyeshika kazi anaambiwa akae kwenye benchi pamoja na wageni, aulizwe kama anajua kazi. Na mara nyingi haipati!

Wazee wetu waliijua dhuluma hii. Neno kibarua lenyewe latokana na barua, kile kijikaratasi alichopewa mtu kuonyesha kazi ya siku yake. Jua likitua, na utumishi umekwisha. Tena walijua kipande, kilicholetwa kwa sheria ya 1915, kikavaliwa shingoni katika kijisanduku cha bati, na ndani yake mwajiri aliandika habari za mtumishi wake. Walikataa kuwa watu wa kipande na watu wa siku moja. Mwaka 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma mji mzima, na kiongozi wao Chege Kibachia akakamatwa mwaka huo huo na kuhamishwa. Sisi leo tunatembea katika njia iliyofyekwa na watu hao. Je, tukubali kurudi nyuma katika chumba cha vitabu?

Sheria ya Ajira, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo haiwezi kwisha kabla ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mtu wa mwezi. Kifungu cha 9 chasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mapatano ya maandishi. Basi mtu wa namna hiyo si mgeni wa kuombewa kiti. Kiti ni chake. Lililobaki ni kumwandikia karatasi yake.

VITABU VILIVYOPOTEA

Kuna swali moja linalopendwa sana: "Kitabu kikipotea utakilipa?" Kijana, kwa sababu ya shida, anajibu "Ndiyo, Bwana." Tangu siku hiyo mshahara wake umekuwa mfuko wa kila kitabu kilichoibwa, kilichonyeshewa, au kilichochukuliwa na mkubwa asiyetia sahihi.

Jibu la haki ni hili: "Nitalinda vitabu kwa daftari na kwa macho. Mkinipa chumba chenye kufuli, na kila anayechukua kitabu akatia sahihi, hata mwalimu, nitatoa hesabu." Sheria, kifungu cha 19, humruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika kwa makusudi ya mfanyakazi. Si kwa mchwa. Si kwa bati linalovuja. Si kwa mtoto aliyehama shule na kitabu chake.

HOJA ZA WAAJIRI

Watasema, "Hatuna fedha. Fedha za serikali zachelewa." Twajua zachelewa, sisi ndio wa kwanza kulala njaa zikichelewa. Lakini karatasi ya alama haigharimu kitu. Kumwambia mtu ukweli hakugharimu kitu. Ufukara wa shule si sababu ya udanganyifu.

Watasema, "Shule ni ya wenyeji, lazima tuwape watoto wa hapa." Twasikia uzito wa neno hili. Wenyeji ndio waliotoa ardhi, wakachanga mawe na mabati wakati wa Harambee. Lakini angalieni vizuri: huyo anayepewa ni mtoto wa mwenyeji yupi? Ni mtoto wa mama anayeuza mboga langoni, au ni wa mwanabodi? Mama wa mboga naye ni mwenyeji, na binti yake mwenye cheti yuko kwenye benchi. Wakubwa wanalitaja jina la wenyeji, kisha wanawaruka wenyeji wenyewe.

Watasema, "Twataka mtu mwaminifu, na mwaminifu ni yule tunayemjua." Uaminifu wa kujuana ndio uliomaliza vitabu katika rafu. Mpwa hataandika jina la mjomba wake katika daftari la madeni. Mgeni ataandika.

MAHOJIANO YA HAKI NI YAPI?

Chama hakikatai mahojiano. Twayataka, tena yawe magumu, maana kazi ya watoto haifai kupewa mvivu. Lakini mtu apimwe kwa kazi atakayoifanya. Wala haihitaji mitambo. Meza moja, vitabu kumi na saa moja vyatosha.

Mpe vitabu kumi vilivyochanganywa, avipange kwa nambari zake. Mpe ukurasa mtupu wa daftari na vitabu vitatu vipya, aviandikishe. Mpe kitabu kilichochanika mgongo, na gundi, karatasi na mkanda wa plastiki, kisha tazama anachochagua. Ajuaye kazi hatakimbilia ule mkanda wa kunata, kwa kuwa hugeuka manjano na gundi yake hula karatasi. Mpe orodha ya wanafunzi wasiorudisha vitabu, umwulize ataanza wapi.

Halafu mlete mtoto aseme, "Nataka kitabu cha maji." Anayekimbia kwenye rafu amekosea. Anayemwuliza mtoto kwa upole, "Maji gani, ya mvua, ya kunywa, au ya magonjwa? Ni ya somo gani?" huyo ni mtu wa maktaba. Hapo mtaona kama anawapenda watoto au anawafukuza. Swali la "mtoto wa nani" halitawaonyesha hilo hata mkiuliza mpaka usiku.

KWENU WANACHAMA

Tusiseme ya waajiri tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Wako wenzetu, makarani na wapishi wa miaka mingi, ambao nafasi ikitokea wanakwenda usiku nyumbani kwa mwenyekiti wa Bodi kumwombea shemeji. Ndugu, huwezi kulia asubuhi kwamba umenyimwa cheo kwa upendeleo, nawe jioni unaomba upendeleo. Mwambie shemeji alete barua yake kama wengine. Akifaulu tutashangilia pamoja.

Na ninyi mnaoomba kazi, shikeni haya. Wekeni kopi ya tangazo na ya barua yenu. Andikeni siku, saa, majina ya waliokaa mezani na maswali mliyoulizwa, siku hiyo hiyo, kabla hamjasahau. Msitoe hata senti kwa mtu anayeahidi kazi. Msitie sahihi karatasi msiyoisoma. Ukiulizwa neno la mimba au la kabila, jibu kwa adabu kwamba ungependa kuulizwa juu ya kazi, kisha ulete habari kwa mwakilishi wa chama. Na ukishindwa kwa haki, kubali, ukajifunze zaidi. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

MADAI YETU

Twadai mambo saba, na wawakilishi wetu wayapeleke kwa kila Bodi:

1. Nafasi itangazwe hadharani, tangazo litaje kazi, mshahara, na sifa zinazotakiwa.

2. Aliyeshika kazi hiyo kwa ukibarua atambuliwe kwanza kama sheria inavyosema, kabla nafasi haijatangazwa.

3. Waitwe wachache wanaostahili, si umati wa kupamba daftari. Kila asiyechaguliwa aandikiwe, hata kwa ujumbe wa simu.

4. Kila mmoja apimwe kwa kazi ile ile na maswali yale yale, na alama ziandikwe na kila aliyekaa mezani kabla hawajazungumza.

5. Mwenye undugu na mwombaji atoke katika chumba.

6. Mwakilishi wa wafanyakazi akae kama shahidi. Hatutaki kuchagua, twataka kuona.

7. Atakayechaguliwa apewe mapatano ya maandishi, yenye jina la kazi yake ya kweli. Asiandikwe "kibarua wa kawaida" kwa kulipwa kidogo, kisha apewe kazi ya karani.

Hakuna hata moja kati ya hayo saba linalohitaji fedha za Nairobi. Yote yaweza kuanza muhula ujao. Bodi itakayoyakubali tutaisifu kwa jina katika gazeti hili. Bodi itakayoyakataa tutaiuliza kwa barua, na kwa barua ya pili, kisha tutakutana nayo mbele ya ofisa wa kazi.

Shule yawafundisha watoto kwamba mwenye bidii atafaulu. Kisha mtoto huyo huyo akirudi na cheti chake kuomba kazi, anaona kwamba walimdanganya. Hatutaki somo hilo lifundishwe tena katika maktaba zetu. Rafu ya vitabu yapangwa kwa nambari, na kila kitabu kina mahali pake pa haki. Twataka watu nao watendewe hivyo.

Wanachama, ongeeni na wenzenu jikoni na getini. Leteni habari. Lipeni ada zenu. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.

Ni sisi, wafanyakazi wenzenu.